Mkubwa Husema Mwisho

Mtu akiniuliza wifi yangu anafanya kazi gani, humwambia akae kwanza. Si swali la kujibiwa umesimama na mfuko wa nyanya mkononi. Ukisema daktari, watu wanaelewa. Ukisema fundi cherehani, wanaelewa. Ukisema mtaalamu wa ubunifu, anayefundisha walimu na makampuni namna ya kupata mawazo mapya, mtu anakukodolea macho halafu anauliza, "Kwani walikuwa hawana mawazo?" Marehemu mama yetu aliuliza vivyo hivyo siku kaka alipomleta nyumbani. Wifi akajibu, "Wanayo, mama, ila wanaogopa kuyatoa." Mama akamtazama, akanigeukia mimi, akasema, "Basi huyu wa humu ndani hana ugonjwa huo." Huyu wa humu ndani ndiye mimi.

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ni wifi, na mawifi tunajulikana. Nilimchunguza kuanzia kisigino cha kiatu hadi kucha. Nikapata kasoro moja, kwamba anapika huku akiwaza mambo mengine, kwa hiyo chumvi inaingia mara mbili. Hilo nililitangaza ukoo mzima. Lakini kwa upande wa kazi, jamani, mdomo wangu ulijifunga wenyewe, na mwingine wa kuufunga mdomo huu bado hajazaliwa.

Alianza kama mwalimu wa darasa la tatu. Chumba chenyewe madawati yalikuwa yamebanana kiasi kwamba mtoto wa ukutani akitaka kwenda msalani, safu nzima inasimama kumpisha. Siku moja akayatoa madawati yote nje, akawaketisha watoto sakafuni kwa duara, akanyanyua kijiko akauliza kama kisingekuwa kijiko kingekuwa nini. Akaanza na mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole tangu mwaka uanze, akamaliza na kiranja. Yeye mwalimu hakutia neno lake. Mwalimu mkuu akapita dirishani, akakuta madawati yameanikwa juani na watoto wanabishania kijiko kwa sauti za juu. Alimwita ofisini, akampa onyo la maandishi. Kesho yake asubuhi wifi akayatoa madawati tena. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Hapo ndipo ilipoanzia kanuni yake: mkubwa husema mwisho. Chumba chochote atakachoingia, mwenye cheo kidogo ndiye anafungua, tunapanda hivyo hivyo, na bosi ndiye anafunga. Mtu akitoa wazo, hata liwe la kipuuzi, hakuna ruhusa ya kulikata. Unaongezea juu yake au unatoa lako. Na yeye mtaalamu hatoi wazo kabisa. Anasema bosi akitangulia, wengine wote wanageuka kuwa waitikiaji. Akitangulia mtaalamu, ndiyo mbaya zaidi, maana hapo hata bosi anaitikia.

Kwa kanuni hiyo alitoka darasa la tatu akaenda chuo cha ualimu, akafundisha walimu ambao leo nao ni wakuu wa shule na wanatoa madawati nje bila kuomba radhi. Akaandika vitabu. Kisha makampuni yakaanza kumwita, benki, kiwanda cha sabuni, shirika la bima, na viwanja vya ndege akavizoea kama anavyozoea mtu kituo cha basi cha kwao. Kuna mwenyekiti mmoja, mtu mzito, aliambiwa asubiri zamu yake akasusa, akatoka na kubamiza mlango hadi saa ya ukutani ikaanguka. Wifi akaiokota, akaiweka juu ya kiti cha yule mwenyekiti, akasema, "Tuendelee." Mimi nilikuwepo. Nilipostaafu kazi ya mapokezi hospitali, alinichukua niwe msaidizi wake: napanga viti, nabeba begi, na nawakata jicho wanaochezea simu. Hilo la mwisho hakuniagiza, najituma tu.

Sasa basi. Kaka yangu, yaani mumewe, ni msimamizi wa karakana ya madawati kwenye kiwanda cha samani. Ameifanya kazi hiyo tangu enzi ana nywele. Na miaka yote hiyo hakuwahi kuhudhuria kikao cha mkewe hata kimoja. Si dharau. Anampenda mkewe kupita kiasi, hata waandishi wa habari wakimhoji mkewe, kaka ndiye anayekata gazeti na kulihifadhi. Lakini kwa kaka yangu, kazi ni kitu kinachotoa vumbi. Wenzake wakimuuliza, anajibu, "Mke wangu anaongea na watu." Nikimsikia nilikuwa natamani kumzaba kibao, ila ni mkubwa wangu.

Ikafika wakati shule zikaacha kuagiza madawati. Viti vya plastiki vikaingia kwa wingi, vyepesi, vya rangi rangi. Karakana ya kaka ikawa inafagiwa zaidi kuliko inavyofanya kazi. Mkurugenzi akatangaza kwamba mwisho wa mwezi itafungwa, labda lipatikane jambo jipya la kutengeneza. Ndipo mjumbe mmoja wa bodi akasema aliwahi kumsikia mtaalamu fulani wa ubunifu, apewe siku moja akae na watu wa kiwanda. Mkurugenzi akakubali shingo upande. Mtaalamu mwenyewe ni nani? Wifi yangu.

Kaka aliposikia, alikaa mezani bila kugusa sahani. Mimi nilikuwepo, kwa kawaida nipo. Akamwambia mkewe, "Kikao chako kikienda mrama, nimemwaga unga. Mimi na watu wangu wote. Na watasema mke wa msimamizi ndiye aliyekuja kutufungia mlango." Wifi akachukua upawa. Alimwongezea mchuzi, na mchuzi wenyewe, kama kawaida, ulikuwa na chumvi mara mbili.

Kikao kilikuwa Jumatatu. Jumapili mchana nilipita kwao kuchukua begi, kaka akiwa ametoka. Nikamkuta wifi amekaa mezani na boksi la viatu lililokatwakatwa, mkasi na gundi, na mbele yake kuna dawati dogo la kadibodi, refu kama kiganja. Akavuta kipande cha chini, tap! Meza ikalala, kiti kikalala, kitu kizima kikawa bapa unaweza kukiegemeza ukutani. Akavuta tena, likasimama. Unaona ujanja? Darasa likitaka nafasi, madawati yanakunjwa, hakuna haja ya kuyaanika juani. Nilipiga vigelegele palepale.

"Wifi! Umetuokoa! Kesho unaliweka mezani, kazi imekwisha."

"Siliweki mezani."

"Husemi kweli."

"Mikono ilikuwa inanisumbua tu, nikaipa kazi," akasema, huku akifuta gundi kwenye kidole. "Nikiliweka pale, nani atafikiri tena?"

"Asifikiri mtu! Walitengeneze!" Nilikuwa nimeshaanza kuchemka. "Huyu ni mumeo, siyo benki. Ukinyamaza na wao wakakosa la kusema, je?"

Aliushika mkasi, akauweka, akaushika tena. Alikuwa anaogopa. Watu wanamwona jukwaani wanadhani haogopi. Akasema, "Nimekwenda kwenye makampuni ya watu nikawaambia kanuni hii ndiyo njia. Kama naiamini kwa waume wa wenzangu tu, basi nimekuwa tapeli miaka yote." Kisha akalikunja lile dawati akalitumbukiza kwenye begi, chini ya kalamu na karatasi, kaka asije akaliona nyumbani. Begi hilo, kumbuka, mbebaji ni mimi.

Chumba cha mikutano kilikuwa ghorofani, juu ya karakana, kinanuka vanishi na unga wa mbao. Nikawaomba wanaume wanisaidie kutoa ile meza ndefu. Kiti cha ngozi cha mkurugenzi nikakisukuma kwenye duara, kati ya kiti cha mpaka rangi na kiti cha dereva wa lori. Kaka alikaa ng'ambo, mikono kifuani, hataki kumtazama mkewe wala mimi. Alikuwa amevaa shati la harusi za watu.

Mkurugenzi, mtu wa mwili haswa, hakukaa. Akasimama, akakohoa, akatoa karatasi mfukoni. "Kabla hatujaanza, nataka niseme msimamo wangu kuhusu karakana hii..."

"Mkurugenzi," wifi akasema, kwa sauti ile ile ya darasa la tatu, "zamu yako ni ya mwisho."

Weee! Ungesikia nzi akitua. Mkurugenzi akamtazama, akaitazama karatasi, akatazama mlango. Nikasema kimoyomoyo, haya, saa nyingine ya ukutani inakuja chini. Lakini kiti cha ngozi kilikuwa karibu, mlango ulikuwa mbali. Akakaa.

Wa kwanza alikuwa mpaka rangi, mwanamke ambaye kiwanda kizima wanamwita Mama Utani kwa sababu hana dogo. Siku hiyo utani wote ulikuwa umemkauka. Alikuwa amekaa ubavuni kwa mkurugenzi na mikono imejaa rangi. "Mimi sina la kusema," akasema.

"Tutasubiri," wifi akasema.

Tukasubiri. Mtu akakohoa. Kiti kikalia. Kama ni mimi ningeshatoa mawazo mia kwa hofu ya kile kimya. Mwishowe Mama Utani akarusha mikono juu. "Basi tuuze miguu! Ndiyo, miguu mitupu! Si ndiyo inayovunjika kila siku? Meza wabaki nazo wenyewe!"

Chumba kikavunjika mbavu. Hata mhasibu, ambaye nilidhani meno yake ni ya akiba, alicheka. Mtu mmoja tu hakucheka. Kaka alisimama, mishipa imemtoka shingoni. "Acheni mzaha! Watu hapa wanapoteza kazi, nyie mnauza miguu? Tufanye mambo ya maana!"

Wifi akamgeukia. Nyumbani anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kwa sauti laini. Hapo akamwita kwa cheo. "Bwana Msimamizi, hakuna kukata wazo la mtu. Na zamu yako haijafika. Kaa, tafadhali."

Mbele ya watu wake wote! Kaka yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, anaambiwa akae na mke aliyemtolea mahari! Masikio yalimwiva. Kwa sekunde kadhaa alisimama tu, nami nilijua akitoka ule mlango, kikao kimekufa na ndoa inachechemea. Akakaa. Akainamisha kichwa. Damu ni damu, bwana. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye zipu ya begi. Nikaifungua hadi nusu. Nikaona pembe ya kadibodi. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kusema: jamani, dawa hii hapa, tumalize, twende nyumbani.

Wifi akaniona. Alitikisa kichwa kidogo sana, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alikuwa anaumia kuliko mimi na kaka tukiwekwa pamoja, na bado alikuwa anakataa. Nikaifunga zipu nikiuma meno. Nilimkasirikia, nikamtukana moyoni, nikaifunga.

"Tunaendelea," wifi akasema. "Mama amesema tuuze miguu. Nani anaongezea?"

Dereva wa lori akajikuna kidevu. "Sasa, mimi... kwani uongo? Lori likijaa madawati, nusu ya mzigo ni hewa, maana hayapangiki. Miguu mitupu ningepakia ya wilaya nzima kwa safari moja."

Hakuna aliyecheka. Mtunza ghala akavuta kiti mbele. "Na kule shuleni ukizunguka nyuma ya madarasa, kuna rundo. Kila shule ina rundo. Madawati yamelala chali, mbao nzima kabisa, miguu imekatika. Hata kwetu ghalani yamerudishwa, mbao bado zinang'aa."

"Kwa hiyo mbao wanazo," mhasibu akasema taratibu, kama mtu anayeamka. "Wanachokosa ni miguu tu. Hapo hata shule isiyo na uwezo wa dawati jipya inaweza kununua."

Mama Utani akapiga makofi. "Mimi nilikuwa natania tu!" Kisha palepale akaongeza kwamba basi ipakwe rangi tofauti kwa urefu tofauti, watoto warefu waache kukaa magoti yakigusa kidevu. Sasa watu walikuwa wanapokezana, mmoja hajamaliza mwenzake ameshadaka. Wifi alikuwa amekaa tu, anageuza shingo kumtazama kila anayeongea, mikono mapajani. Ikafika zamu ya kaka.

Alikuwa bado ameinama, ila mkono wake ulikuwa unachora hewani. "Mbao haziko sawa," akasema. "Nyingine nene, nyingine nyembamba. Mguu wa kuchomelea hauwezi kuingia kote." Nikaona wifi ameacha kupumua. "Lakini ukiweka bapa la chuma juu ya mguu, ukatoboa matundu marefu badala ya ya duara, utashika ubao wowote. Nati na spana moja. Mwalimu mwenyewe anafunga. Ukivunjika, anabadilisha huo mmoja." Akanyanyua uso, akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza siku ile. "Mashine za kutoboa ninazo. Zimekaa bure tu."

Ndipo mkurugenzi akapewa zamu. Aliitazama ile karatasi yake, akaikunja ndogo, ikazidi kuwa ndogo, akaikalia. "Nilikuja na hotuba ya kufunga karakana," akasema. "Nileteeni dawati moja lenye miguu hiyo Ijumaa. Nitapanda juu yake mwenyewe."

Ijumaa walimletea dawati bovu la kutoka kwenye rundo la shule ya jirani, limefungwa miguu mipya ya kijani. Akapanda, na viatu vyake, na mwili wake wote ule. Halikutikisika. Karakana nzima ililipuka kwa shangwe, na Mama Utani akamwomba aruke. Leo hii lori linatoka limejaa miguu, na hakuna aliyemwaga unga. Wameajiri hadi vijana wa zamu ya mchana. Nikipita nyuma ya shule nisione rundo, natembea kifua mbele kana kwamba ni mimi niliyetoboa vyuma.

Lakini jioni ile ya Jumatatu! Kaka alirudi nyumbani amechangamka, anakula kwa mikono miwili, anasimulia matundu marefu kama vile sisi hatukuwepo. Kisha akamgeukia mkewe, kwa upendo kabisa, akasema, "Ila mke wangu, wewe leo ulifanya nini hasa? Ulikaa tu!"

Maji yalinipalia. Wifi akanigonga mgongoni, akacheka, akamwambia, "Ndiyo kazi yenyewe." Na mimi nikameza jeuri yangu, kwa sababu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Lile dawati la kadibodi lilibaki kwenye begi. Sikuwa na moyo wa kulitupa. Nikalipeleka kwangu, nikalisimamisha kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni. Wageni wakiuliza, nasema ni la wifi yangu, nabadilisha mazungumzo.

Juzi juzi kaka alikuja kunitengenezea bomba la jikoni. Kabla hajafungua mfuko wa vifaa akasimama mbele ya kabati. Jicho la fundi halina simile. Akalitoa, akavuta kipande cha chini, tap, likalala. Akalisimamisha. Akalilaza tena.

"Hii ni gundi yake," akasema. "Huwa anapaka nyingi pembeni. Alilitengeneza lini?"

Nilijaribu kunyamaza, Mungu anajua. "Jumapili. Kabla ya kikao."

"Alikuwa nalo siku ile?"

"Lilikuwa kwenye begi, miguuni kwangu. Nilitaka kulitoa ulipoambiwa ukae. Akanikataza kwa macho."

Akavuta kiti akakaa. Alilishika lile dawati muda mrefu, analigeuza, anapitisha ukucha kwenye maungio. Nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Ni zuri. Lakini bawaba hizi hazifai. Uzito wote umekaa hapa. Watoto wa darasa la tatu wangelifanya bembea, halimalizi muhula."

"Basi ungemwambia arekebishe."

"Nisingemwambia." Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo penyewe. Limetoka kwa mtaalamu, tena mke wangu, mbele ya mkurugenzi, na mimi nataka kuokoa kazi. Ningeiona hiyo bawaba nikanyamaza. Sote tungenyamaza. Tungeyatengeneza, yangepelekwa mashuleni, yangerudi yamevunjika, na karakana ingefungwa." Akalisimamisha dawati kwenye goti. "Na mimi nikamwambia alikaa tu."

Ile zipu niliyoifunga kwa hasira nilikuwa bado naiona mbele ya macho yangu. Nilijisikia fahari hadi machozi yakanitoka, nikajidai napangusa vikombe.

Kaka akavua kofia yake, akaliweka lile dawati ndani yake kama yai, akasimama.

"Unalipeleka wapi?"

"Nyumbani. Naliweka mezani pale anapokaa, halafu nanyamaza. Nasubiri aseme yeye kwanza."

Sikuweza kujizuia, wifi ni wifi na dada ni dada. "Eti aseme yeye kwanza! Kwa hiyo hapo mkubwa ndiye wewe?"

Akafikiri, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Hapana," akasema. "Mkubwa ni yeye. Siku ile tulisema wote, hadi mkurugenzi. Yeye ndiye bado hajasema."

Akaondoka haraka haraka, akasahau mfuko wa vifaa, na bomba langu linavuja mpaka leo.